Mizinga ya Baba, Kuku wa Mama

Mzinga wa nyuki uliokwisha kazi una harufu yake. Hata ukikaa miaka bila nyuki, gogo lake bado hutoa harufu ya nta, ya moshi wa zamani na ya utamu uliochacha. Ukiliwekea majivu na nyasi kavu, kisha kuku akalikalia mchana kutwa, harufu hizo huchanganyika zikawa kitu kimoja ambacho sijui nikielezeje kwa mtu ambaye hakukulia kwetu Iramba. Wengine wakiisikia hukumbuka asali. Mimi namkumbuka Shangazi Rahel, dada yake Baba, na mate yanakuwa machungu mdomoni. Watu huniambia nimeshakuwa mtu mzima, karibu nitaitwa bibi, niyaache hayo. Siyaachi. Nimekaa nayo muda mrefu, tumezoeana, na leo nataka kuyasimulia nikiwa na akili zangu timamu na bila kupunguza chochote.

Kijiji chetu kiko nyuma ya Misigiri, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka barabara kuu, pale ambapo mabasi husimama na akina mama huwanyanyulia abiria kuku madirishani. Baba alikuwa mkulima wa mtama na alizeti, na msimu wa maua alikuwa mrina asali. Alifariki wakati wa palizi, nikiwa darasa la nne, kwa homa iliyoanza Jumapili na kummaliza kabla wiki haijaisha. Mama alikuwa amenizaa mimi peke yangu, tena mtoto wa kike, na msiba ulipokwisha wanaume wa ukoo walikaa chini kugawana. Ng'ombe walikwenda kwa baba zangu wadogo, na mashamba pia. Nyumba ya Baba, ya matofali ya kuchoma na bati, akapewa Shangazi Rahel, aliyekuwa ameachika na kurudi kwao na mzigo wake wa vyombo na kuku wake wachache weusi. Mama aliambiwa anaweza kukaa jikoni, kwa kuwa ana mtoto wa ukoo. Hilo jiko lilikuwa kibanda cha udongo kilichokuwa nyuma ya nyumba, chenye mafiga katikati, uchaga wa kuwekea vyungu ukutani, na mlango ambao mtu mzima huingia kwa kuinama. Tulihamia humo na godoro moja, sufuria, na sanduku la nguo. Siku hiyo hiyo Shangazi alifagia nyumba yote kwa fujo, akatoa majivu aliyoyakuta chini ya kitanda cha wazazi wangu, akayamwaga kwenye njia yetu huku akisema kwa sauti kwamba hajawahi kuona uchafu wa namna ile.

Kuku hawakugawanywa. Kwetu kuku ni mali ya mwanamke, wanaume huona aibu kuwahesabu kwenye kikao, na Mama alikuja kuolewa akiwa amembeba bibi wa bibi wa kuku wale kwapani. Kiongozi wao alikuwa tetea mmoja wa kishingo, yaani mwenye shingo tupu isiyo na manyoya, mbaya wa sura na mwenye kiburi kuliko mke wa mchungaji. Kutoka kwa kuku hao ndiko kulikotoka chumvi yetu, sabuni, daftari zangu na sare yangu ya shule. Sasa tulikuwa hatuna kingine. Lakini kuku hawa walizoea kutaga chini ya kitanda cha wazazi wangu na nyuma ya kihenge cha mtama kilichokuwa chumbani, na hakuna mtu aliyewaambia kwamba nyumba imebadilisha mwenyewe. Asubuhi ya kwanza walitoka jikoni walikolala nasi, wakajinyoosha, wakavuka uwanja kwa mstari, wakaingia nyumba kubwa kama walivyoingia siku zote. Shangazi akawapisha mlangoni. Mchana Mama alikwenda kuomba mayai yake, akarudi mikono mitupu. Aliambiwa kwamba kuku wenyewe wanajua kwao ni wapi.

Maneno hayo yalifika kwa Baba Mkubwa Yona, kaka mkubwa wa Baba, ambaye ndiye alikuwa na sauti ya mwisho katika ukoo na pia mzee wa kanisa. Alikuja jioni, akakaa kwenye kigoda katikati ya uwanja, akamsikiliza Shangazi kwa muda mrefu na Mama kwa muda mfupi, kwa sababu Mama hakuwa na maneno mengi. Shangazi alisema vitu vya nyumba ni vya nyumba. Kama kuku wangekuwa wa mwanamke, alisema, wangemfuata mwanamke. Baba Mkubwa alipenda hukumu ambazo watu watazizungumza kwenye pombe, hata kama yeye mwenyewe alikuwa hanywi, akatoa ya kwake taratibu, ili isisahaulike.

"Kuku hana mdomo wa kutoa ushahidi," alisema. "Basi tutamwangalia. Tukimaliza kupura mtama nitakuja tena hapa. Kuku yeyote nitakayemkuta anataga jikoni, ni wa huyu mama. Kuku yeyote nitakayemkuta anataga ndani ya nyumba, ni wa nyumba."

Shangazi aliitikia kwa kupiga makofi mawili ya adabu. Mama naye aliinama. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango wa jiko, na nilielewa vizuri kabisa kwamba tumekwisha.

Siku zilizofuata ndizo zilizonifundisha chuki, na nazikumbuka kwa masikio zaidi. Kuku akishataga hutetea, anatoa ile sauti ya kujisifu ambayo inasikika hadi kwa jirani wa tatu. Kila asubuhi, tukiwa jikoni na uji wetu, tulisikia kuku wetu wakitetea ndani ya nyumba kubwa, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alipotetea Shangazi alimjibu kwa sauti ya kuimba, "Asante, mama." Alikuwa anamshukuru kuku, lakini alikuwa anatuambia sisi. Alitupa mtama kizingitini kuwakaribisha. Nililala nikipanga jinsi ya kumwumiza, na mipango yangu ilikuwa ya kitoto na mikubwa mno: achomwe na nyuki, bati liezuliwe na upepo, asahau maneno ya wimbo mbele ya kanisa zima. Mama alitwanga, akatwanga, akapepeta. Nilipolia mbele yake aliniambia niache, Mungu anaona, na mimi nikamkasirikia na yeye pia, kwa sababu sikuona faida ya kuonwa na Mungu huku mayai yanaliwa na mwingine.

Basi nikaamua kwamba kuku watataga jikoni watake wasitake, na kama Mungu alikuwa anaona, aone na hilo. Nilianza kwa ujinga. Nilichukua kikapu kipya cha Mama, nikakitandika kipande cha gauni langu la zamani lenye maua, nikakitundika ukutani karibu na moto ili kuku wasisikie baridi. Kwangu mimi kilikuwa kitanda cha malkia. Nikamkamata kishingo, nikamweka ndani, nikamshika mgongo. Alinidonoa mkono, akaruka, akavuka uwanja akiwa amenyanyua mbawa kwa hasira, na muda si mrefu nikasikia "Asante, mama" kutoka ng'ambo. Nilijaribu pia kuwafungia. Nilijua wanataga asubuhi, kwa hiyo nikaufunga mlango wa jiko mpaka jua lilipokuwa juu, na kweli siku ya pili mmoja alishindwa kujizuia akataga kwenye udongo karibu na mafiga. Nilifurahi siku hiyo moja tu. Shangazi alikwenda kushtaki kwamba tunawafunga mashahidi, na Baba Mkubwa akatuma neno kuku wafunguliwe kunapopambazuka, na atakayewazuia atakuwa ameshindwa kesi.

Ndipo nikaacha kuwalazimisha na nikaanza kuwatazama. Nilimfuata kishingo siku nyingi kabla ya kwenda shule, na mara kadhaa nilichapwa kwa kuchelewa. Niliona kwamba kabla ya kutaga huzunguka akinong'ona peke yake, anachungulia pembe hii na ile, na mahali anapopenda pana mambo yale yale. Pana giza. Pana kitu juu ya mgongo wake na kitu ubavuni. Chini ni pakavu, na hapaning'inii wala kutikisika. Hakuna mtu anayepita pita. Kitanda cha Baba kilikuwa na hayo yote. Kikapu changu hakikuwa na hata moja, kilikuwa kwenye mwanga, kinayumba, na moshi unakipiga. Nilikuwa nimetengeneza mahali ambapo mimi ningependa kulala.

Nyuma ya jiko kulikuwa na mizinga ya Baba ya zamani, magogo yaliyopasuliwa katikati kwa urefu, yakachongwa ndani na kufungwa tena kwa kamba ili nyuki waingie. Siku ya kugawana hakuna aliyeitazama. Shangazi aliiita kuni. Nilikata kamba, nikazitenganisha zile nusu, na nilipoifunika nusu moja kifudifudi juu ya ardhi nikaona imekuwa pango jembamba lenye giza, kiasi cha kuku mmoja. Niliziburuza tatu hadi ndani, moja moja, nikazipanga chini ya uchaga ukutani, nikaziba upande mmoja kwa mawe na udongo na kuacha upande mwingine wazi. Ndani nilimwaga majivu kwanza, kwa sababu nilikuwa nimemwona Mama akimwaga majivu chini ya kitanda kila Jumamosi tangu nipate akili, na juu ya majivu nikaweka nyasi kavu nilizozisugua mikononi mpaka zikalainika. Mama aliingia akanikuta nimelala kifudifudi, kichwa kiko ndani ya mzinga wa marehemu mumewe. Alisimama kidogo. Kisha akayang'oa mafiga, akayatoa nje, na tangu siku hiyo tukawa tunapikia uwanjani kwenye upepo na vumbi. Nilipomwuliza alisema moshi unamwumiza macho.

Kilichobaki kilikuwa yai. Kila mfugaji kwetu anajua kwamba huwezi kukomba kiota chote, unaacha yai moja ili kuku aone kwamba hapa ni mahali pa mayai. Mimi sikuwa nalo. Nilishuka korongoni nikaokota mawe meupe, ya mviringo, yenye ukubwa unaokaribiana na yai, nikayasugua kwa mchanga mpaka yakang'aa, na asubuhi nikayapasha moto kwapani kabla ya kuyaweka, nikidhani kuku akiyagusa na kuyaona ya baridi atanicheka. Kishingo alikuja akachungulia mzinga wa kwanza. Aliingia nusu, akaligeuza jiwe kwa mdomo, akalitazama kwa jicho moja kisha la pili. Halafu akarudi kinyumenyume, akatoka, akavuka uwanja. Mtama ulikuwa umeshaanza kuiva na watoto walikuwa wanafukuza ndege mashambani, na nilijua muda unakatika.

Aliyetuokoa ni Shangazi mwenyewe, na hili ndilo nalipenda kuliko yote. Kule alikokuwa ameolewa tangu akiwa msichana mdogo, kuku walilala kwenye banda lao mbali na watu, kwa hiyo hakujua yale majivu aliyoyafagia kwa dharau yalikuwa na kazi gani. Yalikuwa yanazuia utitiri, wale wadudu wadogo wa kuku ambao macho hayawaoni vizuri lakini ngozi inawajua. Kuku wote wale wakitaga na kukaa chini ya kitanda kisicho na majivu, utitiri ulizaliana, ukapanda miguu ya kitanda, ukaingia kwenye godoro la Shangazi. Kwanza nilimwona akijikuna shingo akichota maji. Kisha nikamwona akijikuna mgongo kwa mpini wa mwiko. Jumapili moja alisimama na kwaya mbele ya kanisa, sauti ya kwanza, katikati ya mstari, na katikati ya ubeti mkono wake ukaingia ndani ya kitenge ukaanza kufanya kazi. Alijaribu kuutoa, ukarudi. Waumini wa viti vya mbele walitazama sakafu. Mimi sikutazama sakafu. Nilimtazama yeye tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, na sijawahi kufaidi ibada namna ile.

Alikuwa amenaswa. Akiwafukuza kuku chumbani, anawapoteza kwa hukumu ya kaka yake. Akiwaacha, hapati usingizi. Na hakuna aliyemwambia kuhusu majivu. Mama alijua, mimi nilijua, na majirani wanawake walijua wote, maana kila mmoja ana majivu chini ya kitanda chake, lakini walikuwa wameona jinsi tulivyotolewa kwenye nyumba ile na kila mmoja alipatwa na usahaulifu. Shangazi akaanza na tamaa, akawa anachukua mayai yote mpaka la mwisho ili kuku wasikae sana. Kiota kikabaki kitupu kila siku, na kuku hawapendi kurudi mahali ambapo mayai yao hupotea yote. Kisha, wiki ya kuvuna, akanunua chupa ya mafuta ya taa akaimwaga yote chini ya kitanda na kuzunguka kihenge. Harufu ilifika hadi kwetu. Ilikuwa tamu puani mwangu.

Asubuhi iliyofuata kishingo alivuka uwanja, akasimama kizingitini, akanyoosha ile shingo yake mbaya, akapiga chafya. Alirudi. Alizunguka jiko akinong'ona, nami nikiwa nimekaa juu ya godoro bila kusogeza hata kidole, akapita mzinga wa kwanza, akapita wa pili, akaingia wa tatu uliokuwa pembeni kabisa. Nilisikia nyasi zikipangwa. Nilisikia jiwe likigonga gogo. Halafu kimya kirefu, na baada ya hapo akatoka akatetea, akatetea juu ya kizingiti chetu mbele ya uwanja wote. Nilitoka nje nikasimama mahali ambapo Shangazi angeniona, nikasema kwa sauti yote niliyokuwa nayo, "Asante, mama." Shangazi alikuwa anaanika godoro lake. Hakugeuka, lakini niliona mabega yake yakishtuka, na nilikula furaha hiyo kwa siku kadhaa.

Wengine walimfuata kiongozi wao. Ndani ya muda mfupi mizinga mitatu haikutosha, nikaongeza nusu nyingine, na nikawa naacha yai halisi katika kila kiota badala ya mawe. Asubuhi moja nikakuta mgeni. Alikuwa mweusi, mnene, mwenye kishungi cha manyoya kichwani, mmoja wa wale waliokuja na Shangazi kutoka kwa mumewe. Aliniangalia bila aibu, akaendelea kukaa. Ningeweza kumfukuza. Niliitengeneza vizuri nyasi mbele yake, nikatoka kwa kunyata kama mhudumu wa wageni wakubwa. Kabla mtama haujaisha kupurwa, kuku weusi wote walikuwa wanataga jikoni.

Siku ya hukumu Baba Mkubwa alikuja mapema na wazee wengine, wakapewa togwa, na jamaa wote wakakaa uwanjani katika baridi ya kipupwe kutazama kuku. Ukifikiria vizuri ni jambo la kuchekesha, watu wazima wenye heshima zao, kofia mapajani, wamenyamaza wakifuata mikia ya kuku kwa macho. Kishingo aliingia jikoni. Mwingine akaingia jikoni. Shangazi alirusha mtama kizingitini kwake, kuku wakaula wote, kisha wakajifuta midomo kwenye vumbi na kuja jikoni. Wale weusi nao wakaja. Alipoona hivyo Shangazi alisimama akasema wale weusi hawamo kwenye kesi, ni wake, alikuja nao kutoka kwa mume, kila mtu anajua. Wazee wakatazamana, mmoja akaanza kuitikia kwa kichwa. Sikuruhusiwa kusema kwenye kikao kama kile. Nilisimama nikapiga goti mbele ya Baba Mkubwa kwanza, ili asinikatize.

"Shikamoo, Baba Mkubwa. Ulisema kuku yeyote."

Nadhani alitaka kunichapa. Lakini hukumu yake ilikuwa imeshazunguka kijiji kizima, watu walikuwa wamekuja kuona mwisho wake, na mtu anayependa maneno yake yakumbukwe hawezi kuyageuza mbele ya watu. Akasema, ndiyo, alisema kuku yeyote. Shangazi akakaa chini polepole. Nilitegemea Mama amrudishie wale weusi, kwa sababu ndivyo wanawake wa kanisani hufanya, na nilishaanza kukasirika mapema. Mama alimshukuru Baba Mkubwa kwa kupiga goti. Kesho yake alfajiri aliwafunga kuku weusi miguu kwa kamba za katani, wote, akawapakia kwenye tenga, akaenda nao Misigiri kwa miguu akawauzia abiria wa basi. Alirudi na viatu vyangu vya shule.

Nisidanganye kwamba tulishinda. Tulishinda kuku. Nyumba hatukurudishiwa, na hakuna siku ukoo ulikaa tena kulizungumzia hilo. Tuliishi jikoni mpaka nilipomaliza darasa la saba, kisha Mama akauza kuku nusu, akapanga chumba karibu na stendi Misigiri, na biashara yake ya kuku wa barabarani ndiyo iliyonisomesha. Shangazi alikaa kwenye nyumba ya Baba peke yake miaka yote hiyo, na nilipokuwa nikisikia kwamba bati limetoboka au mchwa wamekula mlango, nilikuwa naomba waniambie tena, polepole.

Leo naishi Mandewa, mjini Singida, kwenye nyumba yenye hati ya jina langu, na Mama yuko nami. Nafuga kuku nyuma ya nyumba. Fundi amenitengenezea masanduku ya mbao ya kutagia, yamepangwa chini ukutani, yana paa na kizingiti kidogo cha kuzuia mayai yasibingirike, na wanawake vijana wa mtaani huja na simu zao kupiga picha. Wananiuliza kwa nini kuku wao wanataga kichakani au kwa jirani. Nawaambia watie giza, waweke majivu chini, wasipite pita, waache yai moja. Wanashangaa kwamba ni hivyo tu. Siku hizi mjane akisukumwa anaweza kwenda kwa mtendaji, anaweza kwenda mahakamani, kuna wanasheria wanaozungumza redioni kila wiki, na mara nyingine husikilizwa. Nafurahi kwa ajili yao, na nina wivu nao. Mama yangu alipewa kuku wawe wakili wake, na akaambiwa ashukuru.

Mwaka jana, kipupwe kilipoanza, Shangazi Rahel alishuka kwenye basi akaja hodi kwangu. Alikuwa amekuja kutibiwa macho. Amezeeka vibaya, amekonda, mgongo umepinda. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikampa kiti na chai na viazi vitamu. Mayai yalikuwapo mengi, sikumpa. Mama alikuwa amekaa mkekani anachambua dengu kwenye ungo. Shangazi alikunywa chai yake yote kwanza, kisha akaiweka bilauri chini.

"Wifi," alisema, "nimekwisha, unaniona. Yale ya nyumba niliwakosea, wewe na huyu mtoto. Nimekuja uniambie yameisha."

Kwetu mtu akiombwa hivyo hujibu yameisha, hata kama anadanganya, hasa kama mwombaji ni mzee na ni mgonjwa. Ni heshima tu, haigharimu kitu. Mama aliokota jiwe dogo kwenye dengu, akalitupa pembeni. "Nimesikia, wifi," alisema, akaendelea kuchambua. Ndivyo tunavyomjibu mtu aliyeleta tangazo la mkutano.

Nilimsindikiza Shangazi hadi barabarani kutafuta bajaji. Alikuwa amenishika mkono, mkono wake mwepesi kama kikonyo cha alizeti. Alipokuwa anapanda aliniuliza, kwa sababu masikio yake siku hizi hayashiki vizuri, Mama alijibu nini pale ndani. Ningeweza kumpa lile neno moja akaondoka nalo.

"Amesema amesikia, Shangazi."

Alitikisa kichwa taratibu, akajifunga kitenge vizuri, na dereva akaondoa bajaji. Miaka yote nilidhani hasira ile ni yangu, kwamba niliibeba kwa niaba ya mwanamke mpole ambaye asingeweza kuibeba mwenyewe. Niliporudi nilimkuta Mama ameshamaliza dengu, amefunga macho, ameegemea ukuta wa nyumba yetu akiota jua. Aliniuliza kama mgeni ameondoka. Nikamwambia ameondoka, na kwamba amesema macho yakipata nafuu atakuja tena.

"Akija," alisema Mama bila kufumbua macho, "mwambie nimelala."